Joto ni Nusu ya Chakula

Kukataa chakula ni jambo lenye maana nyingi. Mtoto hukataa kwa deko, mgonjwa kwa udhaifu, mfiwa kwa huzuni, mfungwa kwa kushindana na waliomfunga, na mcha Mungu kwa kutimiza saumu. Watu hawa wote waweza kuulizwa, na aghalabu hujibu. Mnyama hana jibu la ulimi. Akikataa, bakuli lake husema kwa niaba yake, nalo husema neno moja tu: hataki. Kwa nini hataki, bakuli halielezi. Hapo ndipo hekima ya mfugaji hupimwa, na miongoni mwa wanyama wafugwao majumbani ni wachache waipimao hekima hiyo kwa ukali kama iguana.

Iguana hana jina la Kiswahili, kwa kuwa hakuzaliwa katika nchi za Waswahili. Wako wamwitao kenge, maana kenge ndiye mjusi mkubwa wanayemjua. Mithali husema kuwa katika msafara wa mamba kenge hawakosi, lakini iguana hayumo katika msafara huo. Kenge hula nyama, mayai, samaki na mizoga. Iguana hula majani, maua na matunda. Yule huwinda, huyu huchuma. Kumpa huyu jina la yule ni kukaribia kumpa na chakula cha yule, na madhara ya kosa hilo hayaishii katika maneno. Wafugaji wengi wa nchi za mbali waliwalisha iguana wao chakula cha mbwa na paka kwa kudhani kuwa kila mjusi mkubwa ni mla nyama. Dhana hiyo ilikuwa deni, na figo za wanyama wale ndizo zilizolilipa.

Iguana wa kijani, ambaye Linnaeus alimwandika mwaka 1758, ni mwenyeji wa misitu na kingo za mito tangu Meksiko na Amerika ya Kati hadi Brazili na Paraguay, pamoja na baadhi ya visiwa vya Karibi. Hukaa juu ya miti, na hupenda sana miti iliyoinamia maji, ili akitishwa ajitupe mtoni. Mkia wake ni zaidi ya nusu ya urefu wake. Dume aliyekomaa hufikia mita 1.5, na wengine hukaribia mita 2. Walakini mtoto wake, atokapo katika yai, hutosha kiganjani, na udogo huo ndio uliomponza. Katika miaka ya 1990 mamia ya maelfu ya watoto wa iguana waliingizwa Marekani kila mwaka, wengi wakitoka katika mashamba ya kuwazalisha huko El Salvador na Colombia, wakauzwa madukani kwa bei ndogo. Mnunuzi alirudi nyumbani na kiumbe cha kijani chenye macho maangavu. Aghalabu hakuambiwa kuwa kiumbe hicho chaweza kuishi miaka 15 na zaidi, wala kuwa kitahitaji chumba mahali pa sanduku, wala kuwa ameuziwa mnyama pasipo jua lake.

Jua hilo ndilo shina la habari yote. Watu husema kuwa mjusi ana damu baridi. Usemi huu ni mkongwe, lakini kweli iliyomo ndani yake ni ndogo. Damu ya iguana aliyeota jua barabara ina joto la karibu digrii 36 za sentigredi, tofauti haba na damu ya binadamu anayemtazama. Kinachowatenga wawili hawa ni mahali joto litokapo. Binadamu hulitengeneza ndani ya mwili wake. Hula sana, na sehemu kubwa ya mlo wake huwa kuni za moto usiozimika usiku wala mchana. Iguana hana tanuri la namna hiyo. Joto lake huliazima kwa jua, na kwa sababu hiyo huweza kuishi kwa mlo mdogo ambao mamalia wa uzito wake angekufa nao. Umaskini wa tanuri umekuwa utajiri wa ghala; lakini ni utajiri wenye sharti moja, kwamba jua lipatikane.

Mwaka 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Raymond Cowles na Charles Bogert, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanyama watambaao wa jangwa la California. Walionyesha kuwa wanyama hawa hawalipokei joto ovyo kama jiwe lilipokeavyo. Kila aina ina kiwango cha joto la mwili kiifaacho, nayo hukilinda kwa mwenendo: hutoka kivulini ipate jua, hurudi kivulini ipoe, hugeuza ubavu, hujilaza juu ya ardhi yenye moto, hujiinua kwa miguu ikiwa ardhi imezidi. Uchaguzi wa mahali ndicho chombo chao cha kujitawala. Mjusi asiye na mahali pa kuchagua amenyang'anywa chombo hicho. Jangwani, akifungwa juani pasipo kivuli, hufa kwa muda mfupi. Chumbani, akifungwa kivulini pasipo jua, hufa pia, ila kwa muda mrefu. Na kwa ajili ya urefu huo mwenye kumfuga hatambui kuwa baridi ndiyo iliyomuua.

Sababu ya kifo hicho cha polepole imo tumboni. Majani ni chakula rahisi kukipata na kigumu kukitumia, kwa kuwa nguvu zake zimefungwa ndani ya nyuzi ngumu ambazo mwili wa mnyama hauwezi kuzivunja peke yake. Ng'ombe amepewa tumbo la vyumba vinne kwa kazi hiyo. Iguana amepewa utumbo mpana wenye vyumba vyake, na humo bakteria na vijidudu vingine visivyohesabika huyachachusha majani, vikampa mwenyeji wao malipo ya kodi ya nyumba. Katherine Troyer, aliyewachunguza iguana wa Panama, alionyesha mwaka 1982 kuwa mtoto wa iguana hazaliwi na wapangaji hawa. Huwapata katika majuma yake ya kwanza kwa kukaa karibu na wakubwa na kula kinyesi chao. Hivyo kitendo ambacho binadamu hukiona uchafu ni urithi ambao mzazi humwachia mwana.

Kila apikaye togwa anajua kuwa chungu hakichachi penye baridi. Unga ni ule ule, kimea ni kile kile, maji ni yale yale. Lakini chungu kikiwekwa mahali pa baridi, kazi hukawia au husimama. Tumbo la iguana ni chungu cha namna hiyo. Utafiti juu ya iguana wa Curaçao, uliochapishwa mwaka 1992, ulithibitisha kuwa mwili unapokuwa na joto pungufu chakula huchukua muda mrefu zaidi kupita tumboni. Mwili ukipoa sana, majani hukaa pasipo kuchacha ipasavyo, gesi huzidi, choo hukauka, na mlango wa chini husimama. Mlango wa chini ukisimama, wa juu nao hufungwa. Basi iguana aliyepoa anapolipa bakuli kisogo hana deko wala ukaidi. Mwili wake una busara kuliko bwana wake, kwa kuwa umejua kuwa mzigo usioweza kushushwa haufai kupakiwa.

Na achukuliwe kwa mfano mtu wa Chicago katika mwezi wa Januari. Nje theluji imefunika njia. Ndani mitambo ya nyumba imeifanya hewa iwe na joto la digrii 21, na wenyeji wamestarehe katika sweta nyepesi. Kijana wa nyumba ile ana iguana wa miaka miwili katika kizimba cha kioo, na juu ya kizimba ipo taa moja. Juma la kwanza la mwezi iguana alikula nusu ya mlo wake. Juma la pili aliyaonja majani ya sukuma wiki, akayaacha. Juma la tatu hakula kitu. Rangi yake ya kijani imekuwa ya udongo, na mchana kutwa amefumba macho.

Kijana anampenda mnyama wake, na mapenzi yake humtafutia dawa mahali pote isipokuwa mahali pake. Hubadili mboga kwa mboga. Huleta maboga yaliyokunwa, kisha maembe, kisha ndizi, kisha maua ya haibiskasi aliyoyanunua kwa bei kubwa katikati ya kipupwe. Humsemesha, humbembeleza, humshika mikononi, humweka mbele ya dirisha penye jua hafifu la saa sita mchana. Hatimaye huweka tayari bomba la kumlisha kwa nguvu. Mganga wa wanyama anapomuuliza kuna joto kiasi gani juu ya tawi ambalo iguana hulala, kijana hujibu kuwa nyumba ina joto la kutosha. Hakusema uongo. Alijibu kwa ngozi yake mwenyewe, na ngozi ya mtu mwenye tanuri ndani haiwezi kumtolea ushahidi asiyekuwa nalo.

Kipimajoto kilipowekwa juu ya tawi kilisoma digrii 26 mchana. Usiku, mitambo ya nyumba ilipopunguzwa ili kuokoa gharama na taa ya kizimba ikazimwa, kilisoma digrii 17. Tangu siku hiyo tawi lilisogezwa karibu na taa kwa kipimo, taa ya nguvu zaidi ikafungwa nje ya wavu, na kifaa cha joto kisicho na mwanga kikawekwa kwa ajili ya usiku. Siku ya kwanza iguana alijilaza bapa juu ya tawi kama nguo iliyoanikwa. Siku ya pili rangi ya kijani ilianza kurudi mabegani. Siku ya nne alipata choo. Siku ya sita, pasipo kubembelezwa na mtu yeyote, alishuka akala majani matatu ya sukuma wiki, yale yale aliyoyakataa. Mboga haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Mfano huu una mafunzo yanayofaa kuelezwa kwa hesabu, maana huruma isiyo na kipimo haimpashi mtu joto. Mahali pa kuota pa iguana wa kijani panahitaji digrii 35 hadi 38 wakati wa mchana. Upande wa pili wa kizimba yafaa uwe na digrii 26 hadi 29, ili mnyama apate pa kupoa, kwa kuwa joto lisilo na kivuli ni adhabu nyingine. Usiku joto laweza kushuka, kama lishukavyo msituni, lakini lisishuke chini ya digrii 24. Hesabu hizi haziwezi kukadiriwa kwa kiganja. Sharti zisomwe kwa kipimajoto kilichowekwa mahali mnyama alalapo hasa, na kidhibiti cha umeme kiwe mlinzi wa taa asiyesinzia.

Kadhalika joto lina upande wake wa kutokea. Juu ya utosi wa iguana, kati ya magamba, kuna doa dogo la rangi hafifu ambalo wengi hulidhani pambo. Ni jicho la tatu. Halioni sura, lakini hutambua mwanga na giza, na huusaidia mwili kujua saa na majira. Kiumbe mwenye jicho la kulielekea jua utosini hakuzoea kupata joto kwa tumbo. Jua la msituni humwangukia mgongoni. Walakini maduka yameuza kwa miaka mingi mawe ya bandia yenye nyaya za umeme ndani, ili mjusi ayalalie. Iguana aliyepoa huling'ang'ania jiwe hilo kwa kuwa hana jingine. Mgongo wake hubaki baridi, na tumbo lake huungua pasipo yeye kuondoka upesi. Madonda ya tumboni yameonekana kwa waganga mara nyingi mno. Joto lililotoka upande usiostahili limempa mgonjwa ugonjwa wa pili.

Tena jua lina zawadi mbili, na taa ya kawaida huleta moja tu. Zawadi ya pili ni miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho ya binadamu. Kwa miale hiyo ngozi ya iguana hutengeneza vitamini D3, na pasipo vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haiingii mwilini kama ipasavyo. Mwili ulionyimwa kalsiamu huiiba katika mifupa yake wenyewe. Taya hulainika, miguu huvimba, vidole hutetemeka, na mnyama hukataa kula kwa sababu ya udhaifu na maumivu. Kijana wa mfano alimweka iguana wake dirishani kwa nia njema, lakini kioo cha dirisha hupitisha mwanga na huzuia karibu miale yote ile yenye faida. Hata taa zilizoundwa makusudi kwa miale hiyo huchoka kabla ya kuzimika: huendelea kung'aa machoni pa mfugaji hali faida yake imekwisha, na kwa hiyo nyingi hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12. Ni taa zinazofanana na watu fulani, ambao sura zao hung'aa muda mrefu baada ya kazi yao kukoma.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma nyingine kulipa baridi lawama zote. Iguana huacha kula kwa sababu kadhaa, na baadhi yake ni za afya njema. Dume katika majira ya kutafuta jike huweza kupunguza mlo kwa majuma, akashughulika na kutikisa kichwa na kuilinda nchi yake ya mita mbili. Jike mwenye mayai, hata asiyewahi kuona dume, huacha kula wakati mayai, ambayo huweza kuwa zaidi ya 30, yamejaza tumbo lake na kulisonga. Na asipopewa udongo wa kuchimba aweza kuyazuia mpaka yakamuua. Mgeni aliyefika nyumbani juzi hukataa kwa hofu. Aliyewekwa mbele ya kioo huiona taswira yake akadhani ni adui asiyeondoka. Zipo pia minyoo, madonda ya kinywa, ukosefu wa maji, na ugonjwa wa figo ambao huwapata wengi waliozeeka utumwani. Magonjwa haya humhitaji mganga, na kila siku ya kukawia ina bei yake.

Ni kweli, lakini hata mgonjwa wa magonjwa hayo hahitaji joto pungufu; pengine huhitaji zaidi. Katika miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake katika chuo kikuu cha Michigan waliwachunguza iguana wa jangwani, jamaa wadogo wa iguana wa kijani. Mwaka 1974 walionyesha kuwa mijusi waliotiwa viini vya ugonjwa, wakiwa huru kuchagua, walihamia mahali penye joto zaidi ya walipopazoea. Mwaka 1975 walionyesha matokeo ya uchaguzi huo: mijusi walioambukizwa na kuzuiliwa katika joto la digrii 34 walikufa kwa wingi kuliko wale waliowekwa katika digrii 40 na 42. Binadamu akiugua, homa humjia kitandani. Mjusi akiugua, hana budi kuiendea homa yake kwa miguu. Akifungwa katika kizimba kisicho na mahali pa joto, amenyimwa chakula, amenyimwa na dawa.

Kwa hiyo mpango wa busara una daraja zake. Kwanza kipimajoto, kwa kuwa kazi yake ni ya dakika chache na gharama yake ni ndogo. Pili taa na umri wake. Tatu maji, kivuli na utulivu. Nne mganga ajuaye wanyama watambaao, na huyo asingojewe ikiwa mnyama amekonda mkiani, anatetemeka, amevimba au hana choo. Bomba la kulishia liko mwisho kabisa, nalo liko mikononi mwa mganga. Kumshindilia chakula iguana aliyepoa ni kujaza chungu kisicho na moto. Chakula huoza pale pale kilipowekwa, au huingia katika njia ya pumzi. Na mfugaji huondoka akiwa ameridhika kwamba amefanya kitu. Kufanya kitu ni kishawishi kikubwa cha wapendao. Mara nyingi huwa rahisi kuliko kupima.

Kuna jambo moja zaidi linalomdanganya mfugaji, nalo ni subira ya mnyama mwenyewe. Mbwa asiyekula siku tatu huitisha nyumba nzima. Paka hulia. Iguana hukaa kimya. Kwa kuwa mwili wake hutumia kidogo, huweza kukaa majuma kadhaa akipungua pasipo kelele, akila mafuta ya mkia wake, kisha nyama ya mapaja yake. Macho yake hubaki wazi na kichwa chake hubaki juu. Watu huisifu hali hiyo kuwa ni utulivu, na wengine hufurahi kwamba mnyama wao amekuwa mpole na hatapitapi tena ashikwapo. Upole huo yamkini ni baridi. Kimya cha anayetegemea wengine kisichukuliwe kuwa ushahidi wa kuridhika kwake. Hilo ni kweli kwa iguana, na ni kweli kwa wengi wasiokuwa iguana.

Mahali ambapo habari hii imeandikwa kwa herufi kubwa ni Florida, kusini mwa Marekani. Iguana wameonekana huko tangu miaka ya 1960, wengine wakiwa wametoroka, wengine wakiwa wametupwa na watu waliochoka na ukubwa wao, na huko wakazaana. Hali ya hewa ya Florida huwafaa karibu mwaka mzima. Lakini iko mikesha michache ya kipupwe ambapo joto hushuka chini ya digrii 10. Ndipo misuli ya iguana hukakamaa, makucha yao huachia matawi, nao huanguka kama matunda. Baridi ya Januari 2010 iliua wengi. Januari 2018 walionekana wamelala chali penye vidimbwi na vijia vya nyumba. Tarehe 21 Januari 2020 idara ya hali ya hewa mjini Miami iliwaonya watu wasishangae kuwaona iguana wakidondoka mitini usiku ule, ikaeleza kuwa wadondokao si lazima wawe wamekufa. Ulimwengu ulicheka. Jua lilipopanda, wengi kati ya walioanguka walifumbua macho, wakatambaa wakaenda zao. Wanaoonekana wafu walikuwa wakingoja kuazimwa joto.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Florida ilimtia iguana wa kijani katika orodha ya wanyama waliokatazwa. Waliokwisha kumfuga nyumbani walipewa muda wa kuomba kibali, na wengine wakafungiwa mlango wa kumpata mpya kama mnyama wa nyumbani. Huyu aliyeuzwa kwa bei ndogo kama pambo amekuwa sasa mharibifu wa bustani na mchimbaji wa kingo za mifereji, naye huwindwa. Hakubadilika yeye. Tangu mwanzo alikuwa mla majani mwenye mita moja na nusu, mchimbaji wa mashimo ya mayai na mtegemezi wa jua. Waliobadilika ni waliomnunua, pale walipoletewa hesabu ya kile walichokinunua.

Hesabu hiyo ni wajibu kuitazama kabla ya kununua. Bei ya iguana dukani ni sehemu ndogo kuliko zote. Nyuma yake zimo taa mbili au tatu ziwakazo karibu saa 12 kila siku kwa miaka 15, kizimba kirefu kuliko mtu, majani mabichi kila asubuhi, mganga asiyepatikana kila mtaa, na mikono inayooshwa kwa sabuni kila baada ya kumshika, kwa kuwa mijusi hubeba salmonela pasipo kuugua wenyewe, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Mtu aliyeihesabu bei hii yote na akaikubali aweza kumfuga iguana kwa heshima, na wako waliofanya hivyo mpaka mnyama akazeeka. Mtu aliyeihesabu akajirudi naye ametenda wema. Ametenda wema ambao hakuna atakayemshukuru kwa ajili yake.

Binadamu amepewa uwezo wa kuwaondoa viumbe mahali pao. Ndege humtoa angani, samaki humtoa baharini, mjusi humtoa juani. Kila uhamisho wa namna hiyo huacha nafasi tupu ambayo sharti mtu aijaze kwa mikono yake, kwa kuwa mnyama hawezi kuijaza peke yake na hawezi kuidai. Msitu ulimpa iguana majani na jua kwa pamoja, wala haukutenga kimoja na kingine. Chumba humpa majani, na mara nyingi husahau jua, kwa sababu majani huonekana katika bakuli, na joto halionekani popote isipokuwa katika uso wa kipimajoto. Aliyemtoa kiumbe juani amejitwika kazi ya jua. Kazi hiyo haina sikukuu, na huanza upya kila alfajiri, kabla bakuli halijawekwa.